Kibao na kalamu ya kidijitali katika kozi ya takwimu: uzoefu wangu Lubumbashi

Nilinunua kibao cha kuandikia, kile kisicho na skrini, kwa dola 55, kupitia mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda Dubai. Ni bamba jeusi ukubwa wa daftari. Kalamu yake haina betri wala waya, na kebo moja ya USB inaingia kwenye kompyuta. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, katika oditwari (ukumbi wa masomo) ambayo wanafunzi wanaokaa nyuma hawaoni ubao hata ukiandika tarakimu kubwa kama sahani.

Zamani nilikuwa naonyesha slaidi. Fomula inatokea imeshakamilika, wanainakili, tunapita. Kwa mkono siwezi kukimbia hivyo: nikikwama, nao wanaona nimekwama wapi.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa aibu tupu. Mkono uko mezani, macho yako ukutani. Mwandiko wangu ulikuwa wa mtoto wa chekechea. Tena kila mduara ulitoka yai. Nikailaumu projekta. Kumbe kibao ni kipana na picha ya projekta yetu ya zamani inakaribia mraba, basi kila nilichochora kilibanwa pembeni. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kulinganisha uwiano wa kibao na skrini. Iwekeni siku ya kwanza. Kengele ya usambazaji wa kawaida (mchoro wa data ambazo nyingi zimejaa karibu na wastani) ikibanwa inatoka nyembamba, na katika takwimu wembamba wa kengele una maana yake.

Naandikia kwenye OpenBoard, programu ya bure ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Haihitaji intaneti. Naingiza PDF yenye histogramu (mchoro wa nguzo unaoonyesha data zimejaa wapi) iliyochorwa na R, programu ya takwimu, kisha naandika juu yake: huu hapa wastani, nguzo hii iliyokaa peke yake kule mwisho tuiulize imetoka wapi. Hapo ndipo pesa yangu ilirudi. Chaki haiwezi kuandika juu ya histogramu ya kompyuta, na slaidi haiwezi kujibu swali ambalo sikulitarajia.

Mfano ni zoezi la meka za bunga (meka ni kipimo cha kuuzia unga sokoni). Tuliweka uzito wa meka tano kwa kilo: 2.2, 2.3, 2.4, 2.5, 2.6. Wastani 2.4. Nikaandika tofauti moja moja kwa wino mwekundu, nikazipandisha kipeo cha pili kwa bluu, jumla 0.10. Nikagawanya kwa 4, nikapata 0.025, na kipeuo chake cha pili ndicho mkengeuko sanifu, yaani data zimetawanyika kiasi gani (wanafunzi wanasema ekati-tipi, kozi yenyewe ni ya Kifaransa): karibu 0.158. Binti mmoja akanyoosha mkono: «Asistenti, murudishe nyuma kidogo. Meka ni tano, hiyo 4 imetoka wapi?» Nikarudi ukurasa uliopita, wino ukiwa bado uko palepale, nikafuta tofauti ya mwisho. Nikamwambia atafute mwenyewe, maana tofauti zote lazima zijumlishwe zipate sifuri. Akaitaja: 0.2. Basi nne tu ndizo zilizo huru. Kwenye ubao wa chaki ningekuwa nimeshapangusa.

Baada ya somo nahifadhi PDF na kuituma kwenye WhatsApp ya promosheni, yaani ya darasa zima. Faili ni nyepesi kuliko picha za ubao walizokuwa wakipiga kwa simu, na hamna kichwa cha mtu katikati ya fomula. Ila wako ambao sasa hawaandiki kabisa, wanangoja faili. Kwa hiyo hatua za mwisho huwa naziacha wazi, wazijaze wenyewe.

Kuran, yaani umeme, ikikatika, kibao hakina shida, kinakula betri ya kompyuta. Projekta ndiyo inayokufa. Natembea na chaki mbili kwenye mfuko wa shati, na kila siku nafua vumbi lake.

Kasoro nyingine ni ncha za kalamu. Uso wa kibao unakwaruza kidogo kama karatasi, ndiyo raha yake, lakini unazila. Kwenye boksi zilikuja ncha nane za akiba. Nimeshatumia tatu, na mjini sijaona anayeziuza. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji ncha ziko ngapi. Yule mama aliniongezea pakiti nyingine bure, akidhani ni vijiti vya kusafishia masikio.