Rangi za maji au posta kala kwa mandhari ya katuni?

Nimefanyia mazoezi zote mbili, na niseme mapema: anayeanza aanze na posta kala, yaani rangi nzito ya kuchanganya na maji, isiyopitisha mwanga.

Rangi za maji hupitisha mwanga. Weupe wa wingu hapo si rangi, ni karatasi uliyoiacha wazi, kwa hiyo unaanza na rangi nyepesi ukielekea kwenye giza. Unalowesha karatasi, unapitisha buluu juu, unaipunguza kwa maji kuelekea upeo wa macho. Ukirudisha brashi yenye maji mengi wakati rangi imeanza kukauka, linatokea doa lenye kingo za mikunjomikunjo, na kulifuta ni kazi. (Mimi huligeuza kichaka.) Disney walitumia rangi hizi kwenye filamu yao ya katuni Snow White ya 1937, wakazirudia kwenye Lilo & Stitch, 2002. Ulaini ule wa anga hauna mpinzani. Ila nunua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nyepesi hujikunja.

Posta kala ni nzito, hufunika. Mti ukiharibika, acha ukauke, upake mwingine juu yake. Kazuo Oga, mkurugenzi wa sanaa wa filamu ya katuni ya Kijapani My Neighbor Totoro (1988), hutumia posta kala za kampuni ya Nicker. Majani unayajenga kutoka kijani kizito, kisha unadonoadonoa mwanga mwishoni. Kero yake ni kwamba rangi iliyokolea hupauka ikikauka, basi jaribu kwanza pembeni. Na usisugue: tabaka la chini huyeyuka upya.