TAHADHARI: Anayeuza "Mortal Kombat II kabla ya wote" ni tapeli, kanipiga

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa wa muvi mpya, yule yule mliyekuwa mnamsifia humu, ni mwizi wa mchana kweupe. Msimtumie hata senti.

Na kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni kwanza alivyolipanga. Mortal Kombat II, ile muvi ya mapigano, ilimaliza kupigwa picha Januari 2024. Trela ikatoka Julai 2025, Karl Urban ndani ya miwani ya steringi Johnny Cage, wote tukapagawa. Tukaambiwa inatoka Oktoba. Oktoba ikakaribia, ikasogezwa hadi Mei 2026. Mnakumbuka nilivyonuna. Basi hapo ndipo akaingia: picha imeshakamilika, imefungiwa tu kabatini, kuna watu wanaitazama kimyakimya kwa ukaguzi, na yeye ana mtu wake huko ndani. Niambieni hilo lina uongo gani wa wazi? Picha kweli ilikuwa imekamilika!

Halafu anajua vitu. Nilimpima, sikujiendea tu kama kondoo. Shao Kahn, yule adui mkuu, kaigizwa na nani? Martyn Ford. Kitana? Adeline Rudolph. Mwongozaji? Simon McQuoid, yule yule wa Mortal Kombat ya 2021. Nikamtegea lile gumu: Joe Taslim, Sub-Zero wa ile ya 2021, si alishauawa mle, anarudi vipi? Akajibu papo hapo, anarudi kama mhusika mwingine, Noob Saibot. Mtu anayekujibu hivyo unamwonaje tapeli? Mimi nilimwona ndugu. Tena akaniita "mkuu" na kuniambia ananipunguzia kwa kuwa mimi ni shabiki wa kweli. Nikatuma hela.

Faili likaingia usiku. Nikaangalia urefu: saa moja na nusu na ushee. Urefu wa picha kamili, si kipande. Nikazima taa, nikavaa spika za masikioni, nikabonyeza. Ngurumo, nembo ya joka, Karl Urban huyo! Picha kali, inang'aa. Nikawahi kundini kuwaandikia "WANANGU NINAYO". Mwenye ule ujumbe tafadhali aufute, na aliyeupiga picha namjua.

Nikarudi kwenye kioo. Picha ikazimika kidogo, ikawaka tena ikiwa na ukungu na chengachenga. Nikasema sawa, wanaturudisha nyuma kwenye historia, picha za siku hizi wanapenda kuzichakaza kwa makusudi. Akashuka Shao Kahn, lakini si lile pande la mtu la kwenye trela. Nikasema labda mavazi. Kisha Raiden, mungu wa radi, akageuka uso, na ni James Remar. James Remar! Aliyewekwa pale Christopher Lambert, Raiden wa picha ya 1995, alipokosekana! Hata hapo moyo ulikuwa bado unanitafutia udhuru, eti wamemwalika mkongwe kwa heshima ya zamani.

Akatokea Johnny Cage. Si Karl Urban. Wala si Linden Ashby wa 1995. Ni yule wa kubandika, Chris Conrad, na sijakaa vizuri Shao Kahn kamvunja shingo. Steringi niliyemlipia kafa mwanzoni mwa picha! Hapo ndipo nikaelewa kwamba natazama Mortal Kombat: Annihilation ya 1997, iliyochomekewa trela mpya usoni.

Nikasogeza mbele kwa matumaini kwamba labda mpya imefichwa katikati. Wapi! Nikamkuta Liu Kang kageuka joka la kompyuta, anang'atana na dude la vichwa vingi. Ile ya kwanza ya 1995 naiheshimu, Robin Shou, huyo huyo Liu Kang, alikuwa anapiga teke unalisikia mbavuni. Hii ya pili mtu akinipa bure namrudishia.

Nikamwandikia. Nilitegemea atakana au atanyamaza. Mshenzi yule akanijibu: "Uliomba Mortal Kombat ya pili, nimekupa ya pili." Kisha akaniwekea emoji ya kucheka na kunibloku.

Mtu huyu afungwe. Sitanii. Afungwe, anyang'anywe simu na laini zake zote, na kila jioni awekewe hiyo Annihilation kuanzia mwanzo, bila kuruhusiwa kusogeza mbele. Mwenye ndugu kwenye vyombo vya sheria aniandikie faragha, ushahidi wote ninao, mazungumzo yote nimeyapiga picha kabla hajafuta. Na wale waliokuwa wakimsifia chini ya matangazo yake nao wachunguzwe, maana nimewapitia upya, wote wanakosea "ahsante" kwa namna ile ile.

Mengine ya kumtambua: jina linalokuja ukilipa si la kwake. Ukimwomba kipande cha katikati anakupa kilekile cha kwenye trela, na ukisisitiza anasema unamharibia mtu wake. Hayo majina ya waigizaji yasiwatishe, yapo kila mahali kwenye intaneti, hata mtoto angenijibu. Basi. Mengine nikitulia nitaongeza, kwa sasa nikikumbuka ile emoji nashindwa kuandika.

Ila hili msilipuuze: kabadilisha jina na picha ya wasifu. Sasa anatangaza kwamba anayo Street Fighter mpya, ile iliyopangwa Oktoba 2026, na anapokea oda. Wenye haraka zenu, Van Damme wa Street Fighter ya 1994 anawasubiri.