Waya wa TV kwa Nyumba na Gari la Kulala: Ncha Ndiyo Inayotuponza Mombasa

Tangu mvua ya mwaka ianze, malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Picha inaganda jioni, sauti inakatika, dekoda inaandika kwamba hakuna mawimbi, kisha siku ya pili jua likishawaka vizuri mambo yanatengemaa yenyewe. Msomaji wa Bamburi amebadilisha antena. Wa Likoni amenunua bustaa, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Mwengine, anayetembea na familia kwa gari la kulala kutoka Tiwi hadi Watamu, ameshauriwa anunue dekoda mpya. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa afungue ncha ya waya aitazame.

Kwa hiyo humu sitapanga antena, wala dekoda, wala idadi ya chaneli. Hayo mtayasoma kwengine. Nataka tuzungumzie waya na konekta, yaani kile kichwa cha metali kinachofungwa kwenye ncha ya waya, vitu vinavyochukuliwa mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha, na ambavyo kwa mji wa bahari kama huu vilistahili kununuliwa mwanzo.

Enzi za analogi waya mbovu ulijitangaza. Chenga zilianza kidogo, zikaongezeka, ukajua kuna jambo. Mwaka 2015 Kenya ilipomaliza kuzima analogi na sote tukabaki na dijitali, onyo hilo liliondoka. Dijitali hukupa picha safi hadi nguvu ya mawimbi iporomoke chini ya kiwango ambacho dekoda inakihitaji, hapo picha hukatikakatika au hupotea kabisa. Unaweza kukaa miezi ukining'inia kwenye ukingo huo bila kujua, mpaka umande wa usiku mmoja ukusukume.

Tazama hesabu yenyewe. Waya mzuri wa aina ya RG6, ule wa kawaida wa TV, wenye urefu wa mita 20 hupoteza kiasi cha desibeli 3.5 (desibeli ndiyo kipimo cha upotevu huo) kwenye masafa ya UHF ambayo antena zetu hutumia. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Weka splita ya kugawa TV mbili, kila upande unapoteza desibeli 3.5 nyengine. Kwa hivyo hata pasipo na kosa lolote, kinachofika sebuleni ni chini ya robo ya kilichoshikwa na antena. Juu ya hapo ndipo kutu inapokuja kuchukua chake.

Na kutu ya pwani haina mzaha. Ukikata waya wa TV utaona waya mmoja katikati, povu jeupe linalouzunguka, karatasi ya metali, wavu wa nyuzi nyembamba, kisha ganda la plastiki. Kwenye waya nyingi zinazouzwa hapa, karatasi na wavu ni vya alumini, na konekta ni ya shaba nyeupe au chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa, na hapa inayoliwa ni alumini. Fungua konekta iliyokaa juu ya paa la Nyali au Kizingo utaona unga mweupe pale palipokuwa na wavu. Unga huo haupitishi umeme. Ubaya zaidi, maji yakishaingia kwenye ncha hupanda ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi, na ukikata sentimita chache bado unakuta weusi ndani. Huo waya haukaushwi. Unakatwa mpaka ufike penye metali inayong'aa, na pasipofikiwa, unatupwa.

Wa kwanza katika orodha yangu ya waya, na sifichi kwamba naupendelea, ni Webro WF100 wa Uingereza. Waya wake wa katikati ni shaba tupu ya milimita 1, na la muhimu kuliko yote, karatasi yake ni ya shaba na wavu wake ni wa shaba. Hakuna alumini ya kuliwa. Unene wake ni milimita 6.65, kwa hiyo uchukue konekta za saizi yake. Za RG6 ya kawaida zinaweza kuulegea. Si rahisi kuukuta madukani kwetu, na ndiyo maana nasema ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Uingereza, usimwagize chokoleti. Mwagize mviringo wa WF100. Nyumba iliyo karibu na ufuo, hasa zile zinazopigwa na kusi moja kwa moja, sioni sababu ya kuwekewa kitu chengine.

Wa pili ni Belden 1694A wa Marekani. Katikati ni shaba tupu, wavu wake ni shaba iliyopakwa bati na umefunika asilimia 95, na bati hilo husaidia dhidi ya chumvi. Karatasi yake bado ina alumini, ndiyo sababu nimeuweka chini. Ulitengenezwa kwa ajili ya studio, kwa hiyo bei yake ni ya studio.

Wa tatu ni RG6 ya kawaida ambayo katikati ni chuma kilichovikwa shaba. Niseme haki: kwa mawimbi ya antena waya huu si wa kudharauliwa, kwa sababu mawimbi ya masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya waya na ngozi hiyo ni shaba. Shida yake ni mbili. Pale ulipokatwa, chuma kiko wazi na kutu huanzia hapo. Pili, bustaa ya mlingotini na LNB ya dishi, kile kichwa kinachopokea mawimbi ya setilaiti, hulishwa umeme kupitia waya huo huo, volti 13 au 18 kwa LNB, na umeme huo hupita ndani kwenye chuma, si kwenye ngozi tu. Waya ukiwa mrefu na konekta zimeshika kutu, volti inayofika haitoshi. Kwa chumba cha ndani, mita chache, utakufaa.

Waya mwembamba wa RG59 mtaukuta kila kona kwa bei ya chini. Kwa TV muuache.

Sasa konekta, na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize. Waya bora kabisa ukiutia konekta ya kusokota kwa mkono umeutupa. Konekta hiyo haikazi, haina mpira wa kuzuia maji, na kila upepo ukiutikisa waya inalegea kidogo. Fundi huipenda kwa sababu haihitaji kifaa. Ya kubanwa kwa koleo ni afadhali, lakini mbano wake huacha pembe ambazo maji hupenya. Nunua ya kushindiliwa, ile ambayo koleo lake maalumu huisukuma mkupuo mmoja ikakamata waya pande zote, yenye pete ya mpira ndani. PPC wa Marekani wanatengeneza nzuri sana. Koleo lake lina bei, ndiyo, lakini majirani wa ploti moja wanaweza kuchanga na kulitumia kwa zamu.

Ikishafungwa, zungushia utepe wa mpira unaojishikisha wenyewe, kisha uache waya ushuke chini kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondokee nje. Usikubali fundi apake silikoni yenye harufu ya siki. Asidi inayotoka inapokauka hula shaba.

Wenye dishi wana sababu zaidi ya kuwa makini. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Mombasa iko karibu nyuzi 40, jirani kabisa na ikweta. Setilaiti iko karibu utosini mwetu. Ulaya LNB hukaa chini ikitazama juu, konekta yake imekingwa. Kwetu LNB huning'inia juu ya dishi ikitazama chini, na mgongo wake unaelekea mawinguni. Mvua yote ya masika inaupiga. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya hayasemi hayo, na mafundi wetu wengi wanayafuata vile vile.

Kwa msomaji wangu wa gari la kulala: kabla ya waya, tazama gari limetoka wapi. Yanayoshuka bandarini kutoka Japani huja na TV ya mfumo wa ISDB-T, na Kenya tunatumia DVB-T2. TV hiyo haitashika kitu hata ukiipandishia antena juu ya mnazi. Uifungie dekoda ya hapa. Gari lililotengenezwa Marekani huwa na kitufe cha bustaa ukutani, mara nyingi cha Winegard. Kikiwaka, TV inasikiliza antena ya paani. Kikizimwa, inasikiliza tundu la kebo la ubavuni, kwa kuwa kule kambi nyingi zina nguzo ya kuchomekea kebo. Watu hulaumu mawimbi kumbe kitufe kiko upande usiohusika. Tundu lile la ubavuni nalo huachwa wazi barabarani, likala vumbi na chumvi. Litafutie kifuniko. Na ndani ya gari usiukunje waya kwa kona kali. Povu likibonyea pale, waya umeharibika hapo hapo ijapokuwa ganda ni zima.

La mwisho ni wauzaji, na hili linaniuma. Ganda limechapwa RG6, shaba tupu, na ndani ni chuma. Wavu una nyuzi za kuhesabika, umewekwa ili uonekane tu, na waya wenye wavu kama huo unaingiza mawimbi ya simu za 4G ambayo ni jirani na ya TV. Mita inapimwa kwa mkono wa kijana mfupi. Ukisema unatoka Nyali bei inapanda ukiwa bado umesimama mlangoni. Mteja akirudi na lalamiko, anauziwa bustaa, na bustaa huvumisha mawimbi pamoja na uchafu wake. Bustaa ya nyuma ya TV haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea kwenye paa.

Basi nenda na sumaku ndogo na kisu. Sumaku ikinasa waya wa katikati, ni chuma. Isiponasa, kwaruza, ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyovikwa shaba, na huo rudisha bila mjadala. Soma alama za mita zilizochapwa kwenye ganda, usitegemee mkono wa mtu. Na kabla ya kupimiwa, mwambie akate na kutupa nusu mita ya mwanzo wa mviringo, kwa gharama yake. Ncha hiyo imekaa wazi dukani ikivuta unyevu wa Mombasa muda wote huo.