Marvin Gaye wa 1971 na Marvin Gaye wa 2022: santuri ipi inaimba?

Haya jamani, karibuni tena. Leo nina What's Going On, albamu ya Marvin Gaye, mwimbaji wa soul wa Marekani, mara mbili. Hii ya kushoto ni ya 1971, ya kampuni ya Tamla, iliyochapwa Marekani. Oneni, kona ya jalada imelika na mwenyewe wa kwanza kaandika jina lake kwa biro. Ya kulia ni toleo la 2022, la miaka 50, ambalo fundi Kevin Gray alilikata, yaani alilichonga mfereji wake, kutoka kwenye mikanda ya asili bila kuipitisha sauti kwenye kompyuta. Zote nimeziosha, sindano ni ileile, na sauti nimezilinganisha, maana moja ikipigwa juu kidogo tu sikio linadanganyika.

Tuanze na kuukuu. Mnasikia? Kama vitumbua vinakaangwa. Halafu inaingia saksofoni ya Eli Fontaine, na vitumbua unavisahau. Iko hapa, mbele ya spika kabisa. Ngoma za Eddie Brown unasikia kiganja kikigusa ngozi. Na besi ya James Jamerson, yule anayesimuliwa kwamba alikuwa amelewa hata akaipiga amelala sakafuni, si nzito, lakini inatembea. Wimbo wote unaifuata.

Sasa mpya. Kimya! Mara ya kwanza nilidhani sindano haijashuka. Besi imekwenda chini zaidi, na fidla zimeachana, kila moja na mahali pake. Lakini kilichonishangaza ni sauti ya Marvin. Mnajua humu wako Marvin wawili: alirekodi mara mbili ili achague moja, fundi mitambo kwa bahati akazipiga zote pamoja, ikabaki hivyo. Kwenye ya 1971 wameshikana. Hapa unawasikia mmoja anaongoza, mwenzake anamjibu pembeni.

Ila sitawaficha: juu kule, kwenye matoazi na matari, mpya imefifia kidogo. Mkanda uliokaa nusu karne unachoka, na fundi hawezi kurudisha kisichokuwepo tena.

Upande wa pili mambo yanageuka. Wimbo wa Inner City Blues uko mwisho, karibu na lebo ya katikati ya sahani, ambako mzunguko ni mfupi na mfereji unabanana. Kwenye yangu ya zamani kila "s" inachanika, sss, sss, kwa sababu kuna mtu alishailima na sindano butu. Mpya inafika mwisho safi.

Kwa hiyo kama ndiyo unaanza, chukua ya 2022. Ya zamani usilipie kabla hujaisikia. Mimi niliwahi kuuziwa nyingine mtandaoni, "kama mpya" kabisa, ikaja imepinda kama chapati. Na msidanganyike na gramu 180 zinazotangazwa kwenye majalada. Uzito si sauti. Sahani nene iliyokatwa kutoka faili la kompyuta lililosukumwa sauti hadi mwisho itakuchosha masikio vilevile. Ulizeni nani kaikata, na kutoka mkanda gani.

Ya kwangu ya 1971 siiuzi, msianze kwenye komenti. Upande wa kwanza naupigia hii. Ukiisha nanyanyuka, naweka mpya.