Miaka Mitatu ya Kupanga kwenye Blogu za Chuo

Picha ya kwanza niliyojaribu kuiweka kwenye blogu yangu ya chuo ilikuwa ya leso ya mama. Nilimwomba aitandaze kibarazani, kwetu Kuze, saa nne asubuhi jua likiwa zuri, nikapiga kwa simu. Pindo likatoka, mji wa katikati ukatoka, na jina, yale maandishi yake, likasomeka herufi kwa herufi: "Japo sipati tamaa sikati". Nikaipakia. Ikakataliwa. Picha ilikuwa na megabaiti nne na ushei, na huduma ile ya blogu za chuo haipokei faili linalozidi kilobaiti 1,500. Nikaibana mpaka ikaingia, lakini jina la leso likageuka ukungu. Na leso bila jina ni kitambaa tu.

Nilifungua blogu hiyo mwaka wa pili, mhadhiri wetu wa Kiswahili alipotuambia tuweke kazi zetu huko badala ya kumrundikia makaratasi. Mimi nikachagua majina ya leso. Kuingia hakukunisumbua: baruapepe ya chuo, nenosiri lile lile la kuangalia matokeo, dakika mbili umeshapata uwanja wako. Hakuna malipo, hakuna matangazo ya kamari yanayokurukia katikati ya aya.

Na ile anwani inayoishia na .ac.ke ina heshima yake. Nilipoenda Biashara Street kuomba ruhusa ya kupiga picha dukani, mzee mwenye duka alinitazama kama mtu wa kanjo. Nikamwonyesha blogu kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma jina la chuo polepole, kisha akasema, "Kumbe ni masomo. Si useme, mwanangu. Keti hapo." Siku hiyo alinifungulia majora mpaka adhuhuri, akanionyesha yale maandishi madogo pembezoni, Mali ya Abdulla, ambayo nyanya yangu huyatafuta kabla hata hajauliza bei. Blogu ya kujifungulia mwenyewe isingenipa kiti kile.

Sasa shida. Chini yake mtambo wenyewe ni WordPress, programu ya kutengenezea blogu na tovuti, katika ule mpangilio wa blogu nyingi ndani ya mfumo mmoja ambao uliingizwa kwenye toleo la 3.0 mwaka 2010. Ni kama nyumba zetu za Kiswahili za kupangisha: chumba chako, ufunguo wako, lakini paa, mfereji na mita ya stima ni vya mwenye nyumba. Huwezi kuongeza programu-jalizi, vile viprogramu vya nyongeza, hata moja. Nilibandika kodi (si ya nyumba, ni msimbo wa kompyuta) ya ramani ili wasomaji waone maduka yalipo, nikachapisha, kodi ikatoweka. Nikarudia mara tatu nikidhani ni mimi. Kijana wa kitengo cha kompyuta akanieleza kwamba kodi za aina hiyo huruhusiwa kwa msimamizi mkuu peke yake, maana mwanafunzi mmoja akibandika kodi mbovu anaweza kuwafungulia wezi nyumba nzima. Sawa, hilo nimelikubali. Lakini mtambo useme basi! Usinile kodi yangu kimyakimya. (Video za YouTube hazina matata: bandika kiungo peke yake kwenye mstari wake, inajitokeza.)

Wanaoandika mashairi, hapa ndipo mtakaposumbuka. Tangu toleo la 5.0, Desemba 2018, WordPress huandikia kwa vibloku, yaani visanduku vya maandishi, na kila ukibonyeza Enter inaanza kibloku kipya. Ubeti wangu wa mistari minne ulitoka kama aya nne zilizonuniana. Nafasi niliyoiacha kati ya ukwapi na utao, nusu ya kwanza na ya pili ya mstari, ikamezwa, ikabaki moja tu, vina vya kati vikapoteza safu yao. Nilihangaika wiki mbili kabla sijagundua kwamba kuna kibloku cha mashairi, kimefichwa chini kabisa, kinaitwa Verse, na hicho hakigusi mistari wala nafasi zako. Mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akiandika tenzi alikuwa ameshakata tamaa, anaweka picha za daftari lake. Kwenye mafunzo tuliyopewa, saa nzima, hakuna aliyelitaja hilo. Tulifundishwa kubadilisha rangi.

Kasi ya kupakia picha ni aibu. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitokea baharini hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na mimi nikiwa mji huo huo nilikuwa nasubiri leso moja ipande huku chai inapoa. Usiku wa manane ndio angalau.

Lakini yote hayo ningeyasamehe. Kisichosahaulika ni kuondoka. Baada ya kuhitimu ilikuja baruapepe moja, kwenye ile anwani ya chuo ambayo nilikuwa nimeacha kuifungua, kwamba akaunti yangu itafungwa. Niliiona zikiwa zimebaki siku chache. Nikaenda kwenye sehemu ya kuhamisha, nikapakua faili lililotolewa, nikashukuru. Faili lenyewe lilikuwa dogo ajabu, na ule udogo ungenishtua. Haukunishtua.

Nilipofungua blogu mpya kwingine na kulipandisha, maandishi yalikuja yote, na tarehe zake. Picha hakuna. Faili lile hubeba anwani za picha, halibebi picha. Blogu mpya inapozifuata kwenye nyumba ya zamani inakuta mlango umeshafungwa. Ningehamia kabla ya akaunti kufa, zingekuja zenyewe. Nilimwuliza yule kijana wa kompyuta kama kuna nakala mahali, akasema wakishafuta wamefuta.

Nikiulizwa, nitatoa nyota tatu kati ya tano, na bado nitamwambia mdogo wangu aitumie akiingia chuo. Ila picha zake halisi ziwe kwenye flashi tangu siku ya kwanza, na ahame angali mwanafunzi.

Picha zangu halisi zilikuwa kwenye simu, na simu iliibwa feri, Likoni. Nilichookoa ni kurasa chache zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye Wayback Machine, ile ghala ya mtandaoni ya kurasa za zamani, na miongoni mwake ile leso ya mama. Leso yenyewe aliikata zamani, kipande kimoja sasa hufunikia mahamri. Juzi aliniomba nimwonyeshe ilivyokuwa nzima. Akaishika simu karibu na uso, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. Pindo linaonekana. Jina unalisoma hadi "Japo si", kisha ni ukungu.