Uzoefu wangu na mita ya klampu katika kupima matumizi ya umeme nyumbani

Nilinunua mita ya klampu ya dijitali, yaani kipimo cha umeme chenye taya za kubana waya, Kariakoo kwa sababu moja: nilitaka kujua kila kifaa cha nyumbani kinakula umeme kiasi gani, maana uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zilikuwa zikiisha mapema kuliko nilivyotarajia. Mita hii haioneshi wati. Inatoa volteji, mkondo na ukinzani tu, kisha hesabu inabaki kwako: volteji mara mkondo ni nguvu kwa wati, na volteji ikigawanywa kwa mkondo ni ukinzani kwa omu.

Taya za klampu hazina budi kubana waya mmoja peke yake. Ukizibana nyaya zote za kifaa kwa pamoja, mita inasoma sifuri, kwa kuwa mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Kwa hiyo fundi alinitengenezea ekstensheni fupi ambayo ganda lake la nje limechanwa, ili waya wa kahawia ubanwe ukiwa peke yake bila kuondolewa ngozi yake ya ndani.

Birika langu la umeme limeandikwa wati 2000. Asubuhi mita ilisoma volti 231 na ampea 8.8, yaani takriban wati 2033 na omu 26.3. Jioni, majirani wote wakiwa wanapika, volteji ilishuka hadi 208 na mkondo ukawa ampea 7.9; ukinzani ulibaki omu 26.3, lakini nguvu ilianguka hadi wati 1643. Volteji ilipungua kwa asilimia 10, nguvu ikapungua kwa karibu asilimia 19, kwani ukinzani usipobadilika nguvu hufuata mraba wa volteji. Ndiyo sababu maji huchelewa kuchemka jioni, na birika halina ubovu wowote.

Balbu ya zamani ya wati 60 ilinifurahisha zaidi. Ikiwa baridi, na imechomolewa kabisa kwenye umeme kama inavyopasa kila unapopima omu, ilisoma omu 65 hivi. Ilipowaka kwa volti 230 ilivuta ampea 0.26, na hesabu ikatoa omu 885. Vipimo vyote viwili ni sahihi: uzi wa tangsteni ukipata joto kali, ukinzani wake hupanda mara nyingi.

Kwa friji, hata hivyo, mita hii haitoshi. Ilisoma ampea 0.9 kwa volti 225, na zao lake ni 202, wakati kibandiko kinasema wati 120. Katika mota, mkondo na volteji haviendi kwa hatua moja, kwa hiyo zao hilo ni volti-ampea na wati halisi ni pungufu yake. Anayetaka hesabu kamili ya friji atafute kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani.

Mikondo midogo nayo inaisumbua, lakini ukizungusha waya mara 10 ndani ya taya kisha ukagawa usomaji kwa 10, hata balbu ya LED inapimika. Wenye sola wahakikishe kabla ya kulipa kwamba klampu inapima pia ampea za mkondo mnyoofu (DC), ambao ndio unaotoka kwenye paneli na betri. Yangu inapima mkondo geu (AC), ule wa umeme wa nyumbani, peke yake.