Nilinunua deki, nikapigwa deki

Nimengoja siku kadhaa kabla ya kuandika ili hasira ipoe. Haijapoa.

Kuna jamaa huko Ntinda, Kampala, anauza kadi za mchezo wa Magic: The Gathering, mojamoja au deki (seti kamili za kuchezea) alizozipanga mwenyewe, na baadhi ya Jumamosi hutandika meza watu wacheze. Nilimwambia nataka deki ya Sliver, jamii moja ya viumbe vya mchezo huo. Anayewajua Sliver haulizi kwa nini. Mmoja peke yake ni kidudu tu, lakini kila anayeingia mezani anawagawia wenzake alicho nacho. Muscle Sliver anawaongezea nguvu, Crystalline Sliver anawakinga, hakuna kadi inayoweza kuwalenga. Ni kama kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba: kila ndugu akifika na bahasha yake, shughuli inanenepa. Nikatoa shilingi 190,000, yaani hela yangu ya boda ya mwezi, nikaondoka natabasamu kama mjinga.

Jumamosi nikapangiwa kijana mmoja wa miwani, mpole, hata salamu alitoa kwa sauti ya chini. Mapema akaweka Ghostly Prison. Kwa kadi hiyo, kila kiumbe changu kinachotaka kumshambulia lazima kilipiwe mana mbili (mana ndiyo nguvu unayolipia kadi mchezoni). Nikasema sawa, kaa gerezani mwako, mimi najaza jeshi. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule nilijiona jenerali. Nikafikisha Sliver sita, na uhai wangu ulikuwa pointi 17.

Halafu kijana akateremsha Plague Sliver.

Naye ni Sliver, lakini bahasha yake ina sumu: zamu yako inapoanza, kila Sliver uliye naye anakupiga wewe mwenyewe pointi moja. Yeye alikuwa naye mmoja, mimi sita. Nikacheka, maana mkononi nilikuwa na Swords to Plowshares, kadi ya mana moja inayomfuta kiumbe yeyote. Nikaiweka mezani kwa madaha. Kijana akanyoosha kidole, taratibu, kwenye Crystalline Sliver wangu.

Kadi zile ni za zamani, na za zamani zinasema Sliver *wote*. Si wako, wote! Kwa hiyo ngao yangu ilikuwa inamkinga adui yangu. Misuli yangu ilikuwa inamnenepesha adui yangu. Hata wa kwangu sikuweza kuwalenga ili niwapunguze. Nikabaki nahesabu: 17, 11, 5, kwisha. Nimeuawa na watoto wangu, kijana hata hakuinua mkono.

Ningevumilia. Kushindwa si kesi. Nilimwendea muuzaji nikamuuliza kwa upole (upole wa kiasi) mbona hakuniambia. Mimi nimezoea Sliver wa toleo la Magic 2014, ambao husaidia wale unaowamiliki wewe tu. Jamaa hakuinua macho kwenye simu. "Ssebo (yaani bwana), imeandikwa kwenye kadi. Kwani hukusoma?" Watu wakacheka. Kisha akaongeza, na hili ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba Plague Sliver wa yule kijana, yeye muuzaji ndiye aliyemuuzia, mchana ule ule, baada ya kijana kuuliza nani atacheza nini.

Yaani ananiuzia mkuki, kisha anakwenda kwa jirani kumuuzia ngao na kumwelekeza mkuki unatokea wapi! Mtu wa namna hiyo simpi nyota hata moja.

Sasa, haki yake nimpe. Kadi zilikuwa halisi, hazina mkunjo, na deki yenyewe inakwenda vizuri, nyumbani imemchapa shemeji yangu mara nne. Na nilipotulia nikasoma kadi zote upya, nikakuta jamaa hakunidanganya neno. Tena dawa ilikuwepo: Wrath of God haimlengi mtu, inafagia viumbe wote mezani, na ngao ya Crystalline haiizuii. Mana nne tu. Angeniwekea mbili humo ndani ningemfagia yule Plague pamoja na wanangu, tukaanza upya. Hakuniwekea. Kwa 190,000! Au mimi ndiye niliyesema sitaki kadi za kuua wangu? Nadhani nilisema. Lakini muuzaji mzuri angebishana na mimi.

Na hata kama ana haki, "kwani hukusoma" haambiwi mteja mbele ya watu, mtu mzima mwenye ndevu zake.

Sirudi pale. Wrath of God mbili nimeziagiza kwake, ndiyo, kwa kuwa simjui mwingine aliye nazo, ila nimemwambia ampe mtu wa boda aniletee. Jumamosi hii kijana wa miwani atakuwepo, na nimeshauliza kama Plague Sliver amebaki wa kuuza.